William James: Mtoto wa Mabwenyenye Aliyekwama na Swali Moja Hadi Akajitoa Mwenyewe

Hebu fikiria hivi. Uko na miaka 27, uko na digrii ya udaktari kutoka Harvard, na kwenu doo si shida. Familia ina jina, milango iko wazi. Lakini asubuhi ikifika huoni sababu hata moja ya kutoka kitandani.

Hiyo ndiyo hali iliyomkuta William James mwaka wa 1869. Leo mtu akisoma saikolojia hachukui muda kukutana na jina lake, na wengi humwita baba wa saikolojia ya Marekani. Lakini kabla awe baba wa chochote, alikuwa msee aliyebanwa na swali moja tu. Je, mimi ndiye ninaamua maisha yangu, ama mimi ni mashine inayojidanganya ati inaamua?

Kwa wengi hili ni swali la kupigia stori na mabeshte usiku, kisha kila mtu anaenda kulala. Kwa James lilikuwa karibu limuue.

Familia ya pesa, mzee wa maneno mengi

William alizaliwa New York tarehe 11 Januari 1842, kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Babu yake, ambaye pia aliitwa William, alihama kutoka Ireland, akafanya biashara mjini Albany na kufa akiwa mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa jimbo la New York. Pesa hizo ndizo zilifanya fathe wake, Henry, asijue kazi ya kuajiriwa ni nini.

Mzee Henry alikuwa mtu wa aina yake. Akiwa kijana alipoteza mguu baada ya kuungua akijaribu kuzima moto. Halafu mwaka wa 1844, wakiwa Uingereza, alikuwa ameketi mezani baada ya kula wakati hofu ilimvamia tu ghafla, bila sababu yoyote. Ilimchukua muda mrefu kurudi sawa, na faraja aliipata kwa maandishi ya kidini ya Mswidi mmoja, Emanuel Swedenborg. Hiyo hofu ya mzee ishike vizuri, tutairudia.

Watoto wake aliwahamisha kama mizigo. Leo Paris, kesho Geneva, mara London, mara Bonn, shule zikibadilishwa kila mzee alipobadilisha mawazo. Mmoja wa hao watoto, Henry mdogo, alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa riwaya. Dada yao Alice aliacha shajara ambayo bado inasomwa hadi wa leo. William naye alitoka hapo akiongea lugha kadhaa, akijua kuchora, lakini bila kujua anataka kuwa nani.

Rangi, kemia, Amazon, hospitali

Akiwa na miaka 18 aliingia studio ya mchoraji William Morris Hunt pale Newport, Rhode Island, akidhani amepata njia. Baada ya muda mfupi aliona kipaji chake hakitamfikisha alikotaka, akaweka brashi chini.

Mwaka wa 1861 akaingia Harvard kusoma kemia. Kemia ikamchosha, akahamia anatomia. Kufikia 1864 alikuwa katika shule ya udaktari, na hapo pia roho haikutulia.

Wakati huo huo Marekani ilikuwa inachinjana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndugu zake wawili wadogo, Wilky na Bob, walijiunga na jeshi la Kaskazini. Wilky alikuwa afisa katika kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi maarufu cha wanajeshi weusi, na alijeruhiwa vibaya katika shambulio la Fort Wagner mwezi Julai 1863. William hakuenda vitani. Alibaki na vitabu.

Mwaka wa 1865 alijaribu bahati tofauti. Alipanda meli kwenda Brazil na mwanasayansi Louis Agassiz kukusanya samaki wa mto Amazon. Huko akapata ugonjwa wa aina ya ndui, macho yakaharibika kwa muda, na akagundua kitu kimoja cha maana: kazi ya kukusanya vielelezo hakuiweza kabisa.

Akarudi, akaenda Ujerumani mwaka wa 1867, mgongo ukimuuma, macho yakimsumbua, tumbo nalo halimpi amani. Kwa barua alizowaandikia watu wa kwao unaona kijana anayecheka na kutania, na ndani yake mawazo ya kujitoa uhai yakimzunguka.

Honi ya treni

Ujerumani ndiko mambo yalimwagika. Berlin wakati huo ilikuwa jiji la maabara. Wanasayansi walikuwa wameanza kupima umeme unaopita kwa neva, na wengi wao walikuwa na msimamo mkali: mwili ni fizikia na kemia, basi. Hakuna nguvu ya siri ndani yake. Darwin naye alikuwa ametoa kitabu chake mwaka wa 1859 na kumweka binadamu kwa foleni moja na wanyama wengine.

Sasa James akafanya hesabu. Kama ubongo ni sehemu ya mwili, na mwili unafuata sheria za fizikia kama jiwe linavyoanguka, basi kila wazo langu lilishapangwa na kilichotangulia. Mimi naona kama nachagua, kumbe uchaguzi ulishafanywa na chembe za ubongo kabla hata nijue.

Miaka michache baadaye, mwaka wa 1874, Mwingereza Thomas Huxley aliuweka huu mtazamo kwa mfano ambao haukutoka vichwani mwa watu. Alisema fahamu zetu ni kama honi ya treni ya mvuke. Honi inalia, kila mtu anaiskia, lakini si honi inayovuta mabehewa. Injini inafanya kazi yake, honi inapiga kelele tu.

Ukiwa mzima na una furaha, unaweza kusikia hayo ukaenda kudishi bila stresi. Ukiwa chini, ni noma. Maana yake ni kwamba hata kujikaza hakuna faida. Kama nitapona nitapona, kama nitaangamia nitaangamia, na juhudi yangu ni honi tu. Na kumbuka yule mzee na hofu yake ya 1844. Kama ugonjwa wa akili uko kwa damu ya familia, William alijiuliza, mimi nitatorokea wapi?

Kijana wa kwenye benchi

Kuna kisa alichokisimulia miaka mingi baadaye katika kitabu chake kuhusu dini. Alikiandika kama kimempata Mfaransa fulani, lakini baadaye alikiri kuwa ni yeye mwenyewe.

Jioni moja, giza likianza kuingia, alienda chumbani kuchukua kitu. Ghafla hofu ikamkamata, na akilini ikaja picha ya kijana mgonjwa wa kifafa aliyewahi kumuona katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kijana yule alikuwa akiketi kwenye benchi siku nzima, magoti ameyavuta hadi kidevuni, haongei, hasogei. Wazo likampiga James: huyo anaweza kuwa mimi. Hakuna chochote nilicho nacho kinachoweza kunikinga, saa yangu ikifika.

Kwa miezi mingi aliogopa kutoka peke yake gizani. Alishangaa jinsi watu wengine wanavyoishi wakicheka, hasa mama yake, bila kuona shimo lililo chini ya miguu yao.

Mwezi Machi 1870, kifo kikabisha hodi. Binamu yake Minny Temple, msichana mchangamfu aliyekuwa mmoja wa watu wachache wanaomuelewa, alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 24 tu.

Tarehe 30 Aprili 1870

Wiki chache baadaye James alikuwa anasoma mwanafalsafa wa Ufaransa, Charles Renouvier. Huyu Renouvier hakutafuta uhuru wa binadamu mbinguni wala katika vitendo vikubwa. Alisema uhuru uko mahali padogo sana: uwezo wa kushikilia wazo moja kwa sababu nimeamua kulishikilia, wakati ningeweza kuwaza mengine.

James akasimama hapo. Aliandika kwa shajara yake kwamba haoni kwa nini hilo liitwe ndoto. Akaamua kuwa tendo lake la kwanza la hiari litakuwa kuamini kwamba hiari ipo. Na hakuapa milele. Alijipa hadi mwaka unaofuata, kama mtu anayeonja maji kwa mguu kabla ya kuingia.

Ukiangalia haraka utasema huyu anajidanganya. Lakini angalia vizuri alichokiona. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingemwambia leo kama yuko huru au la. Na wakati anangoja jibu, maisha yanaenda. Kungoja nako ni kuchagua upande, upande wa kutofanya chochote.

Halafu kuna jambo la pili. Kama uhuru upo kweli, ingekuwa ajabu tulazimishwe kuuamini kwa ushahidi usiopingika. Kitu cha kwanza ambacho uhuru unafaa kufanya ni kujichagua wenyewe. Hoja hii alikuja kuiweka wazi mbele ya wanafunzi wa dini wa Harvard mwaka wa 1884.

Usidhani aliamka kesho yake akiruka ruka. Zilipita kama miaka miwili mitatu ya kupanda na kushuka. Kilichomvuta zaidi ni kazi: rais wa Harvard, Charles Eliot, aliyekuwa mwalimu wake wa kemia, alimpa nafasi ya kufundisha fiziolojia, na mwaka wa 1873 akasimama mbele ya darasa. Mwaka wa 1875 akaanza kufundisha saikolojia, somo ambalo Marekani halikuwa na mizizi. Mwaka wa 1878 akamuoa Alice Howe Gibbens, mwalimu wa shule, mwanamke aliyemtuliza kuliko dawa zote alizowahi kumeza.

Kitabu cha miaka 12

Mwaka huo huo wa harusi alitia saini mkataba wa kuandika kitabu cha saikolojia. Kilitakiwa kiwe tayari baada ya miaka miwili hivi. Alikimaliza mwaka wa 1890, juzuu mbili, kama kurasa 1,400.

Humo ndani kuna vitu vinavyokushika hadi leo. Chukua asubuhi ya baridi. Uko ndani ya blanketi, unajua lazima uamke, unajilaumu, na mwili hautaki. Kisha bila hata kupigana, unajikuta umesimama. James aliuliza: nini kimetokea hapo? Jibu lake ni kwamba kwa sekunde moja wazo la baridi lilitoka akilini, likabaki wazo la kazi ya siku. Wazo likibaki peke yake, mwili unalifuata.

Kwa hivyo kazi ya hiari si kusukuma misuli. Ni kushikilia wazo gumu mbele ya akili hadi mengine yachoke. Mlevi anayejaribu kuacha anajua hili: vita yote ni kuliita jambo kwa jina lake, kwamba hii chupa ni ulevi, na kukataa visingizio vya ati leo ni siku maalum.

Tabia nayo aliichambua bila huruma. Kila tendo linaacha njia kwa ubongo, na njia ikitembewa sana inakuwa barabara. Ukisema hii ya leo sihesabu, wewe unaweza usihesabu, lakini chembe za ubongo wako zinahesabu. Alionya kuwa kufikia miaka 30, tabia ya wengi imeshaganda kama plasta. Ushauri wake: anza tabia mpya kwa nguvu, usiruhusu kuteleza mwanzoni, na kila siku fanya kitu kidogo kigumu bila sababu nyingine ila kujizoesha ugumu.

Na dunia je? Hapa ndipo James aliijibu ile honi. Alisema fahamu si kelele, fahamu inachagua. Wape watu wanne safari ile ile ya Ulaya. Mmoja atarudi na stori za rangi na mavazi, mwingine bei na umbali, wa tatu mikahawa na sinema za jukwaani, wa nne atarudi na mawazo yake mwenyewe aliyoondoka nayo. Ni kama mat moja ya jioni: huyu anasikia ngoma, yule anamuona konda tu, mwingine hajui hata amefika wapi.

Hakusema kwamba akili inaumba dunia kutoka hewani. Alitumia mfano wa mchongaji na jiwe. Jiwe lipo, hukulileta wewe. Lakini ndani yake kuna sanamu nyingi, na ile unayoitoa inategemea unachokatakata na unachoacha. Na kama fahamu haifanyi kazi yoyote, aliuliza, basi mbona maumbile yakahangaika kuikuza kwa viumbe vingi hivyo?

Cha kuheshimiwa ni kwamba hakudai ushindi. Katika kitabu hicho hicho alikubali kwamba saikolojia kama sayansi haiwezi kuamua hili swali. Mwanasayansi kazini ana haki ya kutafuta chanzo cha kila kitu. Mtu anapoishi, ni hesabu nyingine.

Barabara mbili za kwenda nyumbani

Kwa ile hotuba ya 1884 aliwaambia wanafunzi wafikirie akitoka pale. Anaweza kupitia Divinity Avenue, au apitie Oxford Street, zote zinamfikisha kwake. Kabla aondoke, hakuna mtu yeyote anayeweza kuonyesha kwamba moja ilikuwa lazima na nyingine haiwezekani. Akishapita, kila mtu atakuja na sababu za kueleza kwa nini ilibidi iwe hiyo.

Kisha akaleta kitu kizito: majuto. Alitaja kisa cha mauaji kilichokuwa kimetikisa Massachusetts, mwanaume aliyemuua mkewe. Sisi sote tunasikia kitu kama hicho na kusema haikufaa kutokea. Lakini kama kila kitu kilipangwa tangu mwanzo wa dunia, haingewezekana kisitokee. Basi ama majuto yetu ni ujinga, ama dunia nzima ina doa ndani ya mfupa wake. James alikataa yote mawili. Alitaka dunia ambayo baadhi ya mambo hayajaamuliwa bado, na kwamba sisi ni sehemu ya watakaoyaamua.

Mapigo hayakuisha

Maneno hayo yalijaribiwa upesi. Mwaka wa 1885 mtoto wake Herman alikufa kwa kifaduro, hata miaka miwili hajafika. James na mkewe wakaanza kumtembelea Leonora Piper, mwanamke wa Boston aliyedai kuongea na wafu. James alimchunguza kwa miaka mingi, hakumkubali moja kwa moja na hakumtupa.

Huyo ndiye alikuwa. Alivuta hata gesi ya kutuliza maumivu ili aone akili inabadilika vipi, akatoka akiamini kuwa fahamu zetu za kila siku ni aina moja tu, na kwamba kuna nyingine zimetengwa nasi kwa pazia jembamba.

Darasani alikuwa mwalimu wa kukumbukwa. W.E.B. Du Bois, aliyekuja kuwa sauti kubwa ya watu weusi na wa Pan-Afrika, alisoma kwake Harvard na kukaribishwa nyumbani kwake. Mei 1897, sanamu ya ukumbusho ya kikosi cha 54 ilipozinduliwa Boston, aliyesimama kuhutubia ni William, yule ndugu aliyebaki na vitabu. Wilky alikuwa ameshakufa tangu 1883.

Huzuni ilikuwa ikimrudia mara kwa mara, na tangu 1898 moyo wake uliharibika baada ya kujichosha akipanda milima. Bado aliandika: kitabu cha dini mwaka wa 1902, cha pragmatizimu mwaka wa 1907. Alifariki tarehe 26 Agosti 1910 nyumbani kwake Chocorua, New Hampshire, akiwa na miaka 68.

Je, alishinda mjadala?

Hapana, na mjadala bado uko moto. Mwaka wa 1983 Mmarekani Benjamin Libet alichapisha jaribio ambapo watu waliambiwa wakunje mkono wakati wowote wakitaka. Ubongo ulionekana kuanza maandalizi kama theluthi moja ya sekunde kabla ya wao kusema wameamua. Wanaopinga hiari waliruka juu. Lakini swali la James halikuwa kukunja mkono. Lilikuwa kushikilia wazo gumu asubuhi baada ya asubuhi, na hilo huwezi kulipima kwa sekunde.

Mpinzani wake pia anaweza kusema kwamba kitabu cha Renouvier ndicho kilimsukuma, kwa hivyo hata ule uamuzi wa 1870 ulikuwa na chanzo chake. James hakuwa na jibu la kumfunga mdomo, na alijua. Alichokuwa nacho ni maisha yake. Wakati aliamini hana usukani, alikuwa anazama. Alipoamua kuushika, bila uhakika kama umeunganishwa na magurudumu, gari lilianza kusonga.

Alijipa mwaka mmoja wa kujaribu. Aliishi 40. Sasa swali ni lako msomaji: wewe uko kwa usukani, ama uko tu kwa kiti cha abiria?